Sura ya Sita: Cheti cha Kazi Unayoijua Tayari

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 ndilo linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Shuka hadi sehemu ya pili, kifungu cha nne, utakuta kaunti zimekabidhiwa kamari na kasino, mashindano ya mbio, leseni za vileo, sinema, maonyesho ya video, kisha maktaba, halafu makumbusho na michezo. Walioandika hawakuwa na nia mbaya. Walikusanya mahali pamoja vitu ambavyo raia huviendea kwa hiari yake. Lakini mfanyakazi wa maktaba akiisoma orodha ile anajiona ametiwa kapu moja na watu wa burudani, na mtu wa burudani haulizwi amesomea wapi.

Mfanyakazi wa maktaba huulizwa, tena kila mwaka. Sura hii inahusu jinsi anavyolipokea swali hilo anapoletewa aina moja ya jibu: cheti cha ujuzi wa kazini, kile mtu anachopata kwa kuonyesha kwamba kazi anaiweza, bila kukaa darasani miaka mitatu. Nimechagua kulitazama kutoka Rangwe, kaunti ya Homa Bay, kwa sababu Nairobi ina namna yake ya kuficha mambo. Makao makuu kuna idara, na kila idara ina mtu mwenye shahada wa kusaini barua. Tawi la mashambani halina mahali pa kujificha.

Rangwe ina wadi nne: Kagan, Kochia, Gem Mashariki na Gem Magharibi. Ina Asumbi, ambako misheni ya Kikatoliki ilizaa shule za kutajika na chuo cha ualimu, kwa hiyo habari za kusoma na vyeti si ngeni huko. Na ina maktaba, mojawapo ya matawi yaliyoanzishwa chini ya Huduma ya Maktaba za Kitaifa, KNLS. Ukivuka kuingia Migori, utalikuta jingine Awendo.

Kwenye tawi la namna hii wafanyakazi huwa wa kuhesabika. Anayefungua mlango asubuhi ndiye anayepiga vitabu vipya muhuri, ndiye anayeviingiza kwenye rejesta na kuvipa namba, ndiye anayebandika lebo mgongoni na karatasi ya tarehe ndani ya jalada la nyuma. Fasihi ya Kiswahili anaiweka penye 896.392, sarufi na kamusi za Kiswahili penye 496.392, na akikosea tarakimu moja ya mwanzo, riwaya inalala katikati ya vitabu vya isimu na hakuna atakayeiona mpaka siku ya kuhesabu. Vitabu vya shule hupasuka mgongo haraka kuliko vyote. Anavishona, anatia gundi, anavibana chini ya kitu kizito mpaka kesho yake. Saa kumi shule zikifunguliwa milango, anageuka mlezi.

“Madam, Bembea iko?”

“Iko, ya kusomea hapa hapa. Acha kitambulisho cha shule.”

Mazungumzo hayo ya sekunde tano yana ujuzi mwingi ndani yake. Mtoto ametaja neno moja tu, na mfanyakazi ameelewa ni Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege inayotahiniwa kidato cha nne. Anajua nakala ni chache na wanaoitaka ni wengi, na kwamba kitabu cha kutahiniwa kikitoka mlangoni muhula wa kwanza, kinarudi mtihani wa KCSE ukiwa umekwisha. Kwa hiyo amekiweka nyuma ya kaunta na kukigawa kwa saa, si kwa wiki. Hakuna aliyemwandikia kanuni hiyo. Ameitunga mwenyewe baada ya kuona vitabu vikipotea.

Sasa mwambie mtu huyo kwamba kuna mpango wa kumpima kama anaweza “kuhudumia wasomaji kwenye kaunta”. Usishangae akicheka.

Kicheko hicho hueleweka vibaya. Wakubwa wengi hukisikia kama kiburi au uvivu wa kusoma. Mimi nakisikia kama hesabu, tena hesabu sahihi. Lakini kabla ya kuifikia, inafaa tuone jinsi kazi yenyewe ilivyoingiliwa na karatasi.

Duniani kote ukutubi ulikuwa kazi ya kujifunza kwa kumtazama aliyetangulia. Melvil Dewey, yule Mmarekani aliyechapisha namba zake za kupangia vitabu mwaka 1876, ndiye aliyefungua shule ya kwanza ya wakutubi, New York mwaka 1887, na hata hiyo ilipata upinzani. Huku kwetu, mpaka kukaribia uhuru, Mwafrika aliyetaka kutambuliwa alisomea mitihani ya chama cha wakutubi cha Uingereza, vitabu vikija kwa posta, maswali yakihusu maktaba za miji ambayo hajawahi kuiona. Mwaka 1960 Sydney Hockey alitoa ripoti yake kuhusu maktaba za Afrika Mashariki, akapendekeza huduma ya umma katika kila nchi. Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ikaanzishwa Makerere mwaka 1963 kwa msaada wa UNESCO. Bunge la Kenya likapitisha sheria ya bodi ya maktaba mwaka 1965, na bodi ikaanza kazi 1967.

Kwa hiyo taifa lilihitaji watu haraka, na watu wenye karatasi hawakuwepo. Walichukuliwa vijana waliomaliza shule, wakafundishwa juu ya kazi. Baadaye Kenya Polytechnic ikatoa vyeti na stashahada, na mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Moi kikaanzisha kitivo cha sayansi ya habari. Leo anayetoka Rangwe hana haja ya kwenda Eldoret: Chuo Kikuu cha Rongo, kilichozaliwa na Moi na kupata hati yake mwaka 2016, kiko Migori, safari ya matatu tu.

Yote hayo ni maendeleo, nami siyabezi. Ila kila ngazi mpya iliyojengwa juu ilimsogeza chini mtu aliyekuwa amesimama pale pale. Aliyeajiriwa na cheti cha sekondari akafunzwa na bodi alikuwa mfanyakazi kamili. Stashahada zilipoingia akawa msaidizi. Shahada zilipoingia akawa msaidizi wa msaidizi, huku rejesta ikiwa ile ile na gundi ikiwa ile ile. Mara nyingi ndiye aliyemwonyesha bosi wake mpya mahali rejesta inapokaa.

Hapo ndipo vyeti vya ujuzi wa kazini vinapotokea na ahadi ya kurekebisha mambo. Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya mwaka 2013 iliunda baraza linalojulikana kwa kifupi chake, TVET CDACC, litunge mitaala ya umilisi na kuwapima watu. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za kitaaluma, iliyopanga vyeti vyote vya nchi kwenye ngazi 10: fundi ngazi ya 4, cheti cha kiufundi ngazi ya 5, stashahada ya 6, shahada ya kwanza ya 7, hadi uzamifu ngazi ya 10. Na katika miaka ya hivi karibuni serikali imeweka sera ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa, ili mwenye miaka mingi kazini apimwe na kupewa cheti bila kuanzishwa upya.

Upimaji wenyewe si mtihani wa kukariri. Kazi inavunjwa vipande vipande, na kila kipande kina vigezo vyake. Anayepimwa anakusanya faili la ushahidi: picha za rafu alizopanga, nakala za kurasa za rejesta, fomu alizojaza, barua ya msimamizi, maelezo ya jinsi alivyotatua jambo. Mtathmini anakuja, anamtazama akifanya kazi, anamuuliza kwa nini amefanya vile. Mwishoni inaamuliwa kama anaimudu kazi au bado. Kwa karatasi, hakuna mfumo unaomfaa zaidi yule mama wa kaunta.

Na bado hauendewi kwa shangwe. Kwa nini?

Sababu ya kwanza watu huisema kwa sauti ya chini, maana ina aibu kidogo. Nchini Kenya, ukisema mtu amepimwa ujuzi wake kazini, msikilizaji anafikiria gredi test: yule fundi wa uashi, makanika au mshonaji aliyefanya mtihani wa NITA, gredi ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza. Ni mitihani ya heshima na imewapa riziki watu wengi. Lakini mtu wa maktaba amejihesabu maisha yake yote kuwa wa upande wa pili wa mstari. Anavaa shati safi, anakaa kwenye meza, watoto wanamwita mwalimu hata kama hajawahi kufundisha. Kumwambia apimwe kama makanika ni kumshusha mbele ya mji mdogo ambao kila mtu anajua kazi ya kila mtu. Huo ni ubaguzi wa kazi za mikono, na tumelelewa nao tangu shule ya wamisionari, ambako aliyeshindwa na vitabu ndiye aliyepelekwa kwenye randa na msumeno. Siuungi mkono. Ila mtu anayeandaa mafunzo akijifanya hauoni, asilaumu viti vikibaki vitupu.

Waingereza walipita njia hii kabla yetu. Mwaka 1986 waliunda baraza la kitaifa la sifa za ufundi, na katikati ya miaka ya 1990 sifa hizo zikafika maktabani. Wafanyakazi wakaambiwa wakusanye ushahidi wa kazi zao kwenye mafaili. Malalamiko yaliyofuata yangeweza kutoka Homa Bay: lugha ya vigezo ni ya wanasheria, karatasi ni nyingi kuliko kazi yenyewe, mtathmini anahitaji muda ambao tawi dogo halina. Wakutubi wenye shahada waliingiwa na wasiwasi kwamba cheo chao kinapunguzwa thamani. Waliojitokeza wakawa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Hata hivyo kwa baadhi ya wasaidizi waliotoka shule mikono mitupu, faili lile lilileta cheti cha kwanza maishani mwao, nao walikithamini kuliko walivyotarajia mabosi wao.

Hilo la mwisho lisipite hivi hivi. Anayedharau cheti cha kazini mara nyingi ni yule mwenye karatasi nyingine. Asiye na cheti chochote hana anasa hiyo.

Sababu ya pili ni ile hesabu niliyoahidi. Katika utumishi wa umma wa Kenya, mwenye stashahada huingia kwa kawaida kundi la kazi H, na mwenye shahada kundi K. Kati ya H na K kuna herufi moja tu ya J, maana I haitumiki, lakini kwa mshahara na marupurupu ni umbali wa miaka. Kupanda kunafuata mpango wa utumishi: waraka unaosema wazi ni karatasi gani inayohitajika kwa cheo gani. Sasa chukua mfanyakazi mwenye miaka mingi kwenye kaunta. Anaweza kutumia jioni zake kukusanya faili la ushahidi, alipe ada ya upimaji, apate cheti cha ngazi ya 5 au ya 6. Au anaweza kujiandikisha shahada ya wikendi katika fani yoyote, hata isiyohusiana na vitabu, akaipata kwa mkopo wa SACCO. Atakapoketi mbele ya jopo la kupandisha vyeo, ni karatasi ipi itakayoeleweka bila maelezo?

Kila mtumishi wa umma analijua jibu. Ndiyo maana utawakuta wasaidizi wa maktaba wanaosomea usimamizi wa biashara, ukuzaji wa jamii, hata ualimu, na wachache wanaosomea kile wanachokifanya kila siku. Ukiwauliza, hawasemi vibaya kuhusu mafunzo ya kazini. Wanayasifu. Wanasema ni mazuri sana. Kisha wanaendelea na wikendi zao.

Na pale karatasi inapokuwa ndiyo mlango pekee, wapo wanaotengeneza ufunguo bandia. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba uhakiki wake umewapata watumishi 2,067 wenye vyeti ghushi. Gumzo lote lilihusu uhalifu, na ni uhalifu kweli. Lakini baadhi ya watu wale walikuwa wakizifanya kazi zao kwa miaka, hakuna aliyegundua tofauti mpaka karatasi ilipoangaliwa. Ni tuhuma mbaya kwa walioghushi, na ni tuhuma mbaya vile vile kwa ofisi ambayo haikuwa na njia nyingine ya kujua nani anaiweza kazi. Mfumo wa kumpima mtu akiwa kazini ungewaondoa wasioweza mapema, na kuwapa haki walioweza bila kuwalazimisha kuiba sahihi ya mtu.

Ugatuzi uliongeza utata. Maktaba zilipopewa kaunti, uhamisho wenyewe ulijikokota miaka mingi, majengo, vitabu na watumishi vikivutwa kati ya Nairobi na makao ya kaunti. Mtumishi asiyejua mwajiri wake wa mwaka ujao ni nani hawezi kuwekeza kwenye cheti ambacho huenda mwajiri huyo asikitambue. Kila bodi ya utumishi ya kaunti ina mamlaka yake. Kinachokubaliwa upande mmoja wa mpaka wa Homa Bay na Migori kinaweza kuulizwa maswali upande wa pili. Shahada haina tatizo hilo. Inavuka mpaka bila kusimamishwa.

Ipo hoja nyingine, nami nakiri ni nzito: kwamba upimaji wa kazini hauoni kilicho bora katika kazi hii. Vigezo vinaona rafu iliyopangwa. Haviwezi kumwona kwa urahisi mfanyakazi anayejua ni mtoto gani amekuja kusoma na ni yupi amekuja kukwepa kazi za nyumbani, naye akawaacha wote wawili wakae. Mwaka 1996 KNLS ilipoanza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, hakuna chuo kilichokuwa kinafundisha namna ya kupakia masanduku ya vitabu juu ya ngamia ili yasimchubue mnyama wala kuharibu majalada. Mtu alitazama, akajaribu, akajua. Ujuzi wa aina hiyo huishi mikononi kwanza, na vigezo huufuata baadaye, vikiufuata kabisa.

Lakini hoja hiyo, ikisukumwa mbele, inaiangusha shahada kuliko inavyokiangusha cheti cha kazini. Mtathmini aliyekaa nusu siku kwenye kaunta ya Rangwe ataona mambo ambayo mtahini wa chuo kikuu hatayaona kamwe. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema vyeti hivi ni vya kuwapumbaza wafanyakazi. Kosa haliko kwenye upimaji. Liko kwenye waraka wa utumishi uliobaki nyuma, unaohesabu miaka ya darasani na kuisahau ya kaunta, kana kwamba sheria za 2013 na 2014 hazikuwahi kupitishwa.

Bodi za utumishi za Homa Bay na Migori zinaweza kuliondoa kosa hilo bila kungoja Nairobi: kuandika katika mipango yao kwamba cheti cha ngazi ya 6 kilichopatikana kwa kutambuliwa ujuzi ni sawa na stashahada ya chuo pale cheo kinapogawiwa, na kumlipia mfanyakazi ada ya upimaji. Matawi ni machache na wafanyakazi ni wachache. Gharama yake haitautikisa mfuko wa kaunti yoyote.

Na wewe unayesoma haya ukiwa nyuma ya kaunta, usingoje bodi ili uanze kuweka kumbukumbu. Tunza nakala ya kila orodha uliyoandaa, kila ripoti ya mwezi, kila barua ya kukupongeza, zikiwa na tarehe na sahihi ya msimamizi. Na kabla hujalipa ada ya upimaji wowote, iandikie bodi yako ya utumishi uiulize kama cheti hicho kitahesabiwa utakapoomba kupandishwa cheo. Taka jibu kwa maandishi, na nakala yake iweke kwenye faili lako.